Hatutungi, Tunaokota

5 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mwili mzima, akili ndiyo imekwama. Nimepewa neno moja la Kiingereza, take, yaani kuchukua, na linanitoa jasho. Usicheke. Hapa ofisini kila mtunga kamusi amegawiwa fungu lake. Jirani yangu wa meza ya pili alipewa samani, yaani viti na meza na makabati, akamaliza kabla ya chai ya saa nne akaanza kupiga miluzi. Mimi nimeangukiwa na hili lisilo na mwisho. Kwa neno hilo hilo Mwingereza anameza dawa, anapiga picha, anapanda basi, anafanya mtihani, anakula kiapo, anaoga, anaoa, anaiba, anarithi tabia za babu yake, anamdhania mtu mjinga, na akishachoka na hayo yote anavumilia, bado kwa neno hilo hilo.

Kutafuta maana si shida. Shida ni mifano. Mkuu wetu tunamwita Mzee Nukta, kwa sababu hairuhusu sentensi itoke chumbani mpaka aikague mkia. Ana sheria moja kaibandika ukutani: Hatutungi, tunaokota. Kila mfano wa Kiswahili lazima uwe umetoka kinywani mwa mtu aliye hai, si kichwani mwa mtunga kamusi. Ukitunga anajua. Aliyekuwa na meza yangu kabla yangu alifukuzwa kwa sentensi moja tu ya kutunga, tena ilimhusu mbuzi.

Sasa mimi nashinda na makabati, nitamwokota nani? Nimewaza nikakumbuka: fundi wa nguo za wanawake anasikia mengi kuliko hakimu. Niokotee, dada yangu. Ukisikia mtu anasema jambo linaloingia kwenye hizo maana nilizoorodhesha, andika hivyo hivyo lilivyotoka.

Mdogo wako,
Bwana Maneno


19 Februari

Mdogo wangu Bwana Maneno,

Marahaba. Kumbe kuna watu wanalipwa mshahara kwa kusikiliza umbea, na mimi miaka yote nausikiliza bure! Nimekasirika, lakini nitakusaidia.

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu kazi yetu. Mteja akiinua mikono nimpime kifua, mdomo nao unafunguka. Sijui mishipa imeunganishwa wapi. Mimi nina pini mdomoni, siwezi kujibu, kwa hiyo wananiona msikivu.

Haya, pokea. Muuguzi aliyeleta sare yake niipunguze, kuhusu mgonjwa wake: "Dawa anameza, ushauri anautema." Bibi harusi mtarajiwa: "Tumepigwa picha tele, na zote yeye amefumba macho, sijui anaota nani." Mke wa muuza mbao: "Mtoto huyu amemfuata babu yake kwa ubishi, akili kaiacha huko huko." Jirani yangu wa saluni, akimwambia mwenye nyumba: "Unaniona mjinga kwa sababu nacheka?" Nyingine siwezi kuandika, utanishtaki kwa marehemu mama.

Halafu yuko Mama Mapacha. Huyu mumewe ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari iliyo mkabala na duka langu. Mume hampigi. Anamsahihisha. Chumvi, mwendo, namna ya kushika kikombe, namna ya kumsalimu mgeni, yote yanatiwa alama nyekundu. Siku nyingine anamfungia ndani kwa kufuli mpaka atoke kazini. Wana watoto wawili mapacha, miaka sita, mmoja ana pengo la jino na mwingine analitamani. Juzi nilipokuwa nimepiga magoti nampindia gauni aliniambia: "Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umenionea huruma."

Nikatema pini. Nikamwuliza, sasa mbona huondoki? Akasema: "Siku nitakayoondoka sitachukua hata kijiko. Nitachukua wanangu, basi."

Mdogo wangu, hizo mbili ukiziweka, watu wataacha kutafuta maneno humo, wataanza kusoma kamusi ukurasa kwa ukurasa.

Dada yako,
Fundi


4 Machi

Dada,

Natamani ungekuwepo jana! Mzee Nukta alivisoma vikaratasi vyangu amesimama, kimya kimya kama kawaida yake, halafu alipofika kwa Mama Mapacha akarudi nyuma akasoma kwa sauti. Jirani wa meza ya pili aliacha miluzi. Mzee akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote, akasema, "Huyu ameokota." Nimefanya kazi hapa muda wote huu na hajawahi kunigusa hata kwa bahati mbaya.

Kuna habari kubwa zaidi. Kamusi nzima bado, lakini wameamua kuchapa kijitabu cha majaribio chenye maneno machache, na neno langu ndilo limechaguliwa kuongoza. Kitapelekwa kwa walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari ili watoe maoni. Jina langu litakuwa nyuma ya jalada, herufi ndogo, lakini jina ni jina.

Niokotee zaidi. Huyo Mama Mapacha hasa.

Mdogo wako mwenye kichwa kikubwa kuanzia jana,
Bwana Maneno


13 Machi

Mdogo wangu,

Sina muda wa mzaha. Toa zile sentensi mbili za Mama Mapacha. Zitoe zote mbili.

Nilimwambia leo, kwa furaha kabisa, nikijua atacheka, kwamba maneno yake yatachapwa kwenye kitabu. Alikaa kwenye kistuli cha wateja na gauni halijafungwa mgongoni. Ile ya uvumilivu alishawahi kumwambia mumewe, jikoni kwao, kwa maneno yale yale. Ya pili mume hajaisikia, na ndiyo yenye mpango wote. Shule zikifungwa anaondoka na watoto. Mama yake mdogo amempatia chumba na kazi ya kupika kwenye bweni, mji mwingine. Mimi sikujua kama ni mpango wa kweli, nilidhani ni hasira tu.

Na wewe unaniambia kijitabu kinaenda kwa walimu wa Kiingereza! Mumewe anasoma hata karatasi za kufungia maandazi akitafuta makosa.

Najua nimekosa mimi. Nimechukua kilichosemwa mbele ya kioo changu nikakituma kwa posta kama kipande cha kitambaa. Lakini hilo tutaliongea baadaye. Zitoe, halafu unijibu upesi, kwa sababu atakuwa anapita hapa kuniuliza na mimi nitamwambia ngoja.

Dada yako


26 Machi

Dada yangu,

Barua yako imenikuta kijitabu kimeshachapwa na kimeshatoka. Unaijua posta yetu. Ingefika mapema kidogo tu, ningekimbia mwenyewe mpaka kwa mpiga chapa.

Lakini tusijitie hofu bure. Hakuna jina la mtu, hakuna mji. Mwalimu ana vipindi, ana madaftari ya kusahihisha, ataona wapi sentensi mbili katikati ya sentensi zaidi ya arobaini? Vijitabu vya namna hii mara nyingi vinaishia kuwekewa sufuria. Mwambie Mama Mapacha atulie. Tena mwambie maneno yake ni mazuri sana, kila mtu hapa amesema hivyo.

Usijilaumu.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Hakikuwekewa sufuria.

Mwalimu alikisoma katika chumba cha walimu, na kalamu yake nyekundu mkononi. Aliyenisimulia ni mwalimu mwenzake, alikuwa amekaa naye meza moja. Anasema alisoma akisahihisha, mara akaacha kusahihisha. Akafunga kalamu. Akatoka bila kuaga, na hakuwa na kipindi.

Mama Mapacha alikuwa amekuja kwangu kuchukua gauni. Alikaa kidogo tukaongea. Aliporudi nyumbani alikuta viatu vya watoto havipo. Mume amewapeleka kwa mama yake, mbali, na amewaambia huko wasimkabidhi mtu yeyote, hasa mama yao. Kijitabu kilikuwa mezani, ukurasa umefunguliwa, na kando ya ile sentensi ya pili ameandika kwa wino mwekundu: Tutaona.

Tangu siku hiyo anakuja hapa kila asubuhi. Halii. Anakaa kwenye kistuli anaangalia mlango wa shule ya chekechea iliyo jirani, watoto wa watu wakiingia. Nakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie akipumua. Nimeilaani posta kwa kila tusi ninalolijua, halafu usiku nakumbuka kwamba posta ilibeba tu, mimi ndiye niliyetia kwenye bahasha.

Sasa sikiliza. Kaka mkubwa wa mume aliitisha kikao cha familia. Mume akasema, "Haya ni maneno yake, nayajua kama ninavyoujua mwandiko wangu." Mama Mapacha akakana. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata kipimo cha kiuno chake, alisimama mbele ya wakwe akasema hajawahi kutamka hayo. Wakabishana mpaka kaka mkubwa akaamua: ofisi iliyochapa iseme. Kama maneno yametungwa huko ofisini, watoto warudi kwa mama yao. Kama yameokotwa kwa mtu, watoto wabaki kwa bibi yao. Mume amekubali. Huyo bwana haamini mtu, lakini anaamini mhuri.

Kwa hiyo nakuomba uandike kwamba ulizitunga wewe, na ofisi ipige mhuri. Naijua sheria iliyo ukutani kwenu. Najua ninachokuomba. Ningekuwa na njia nyingine ningekuwa nimeshaipita.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya ofisi. Ina mhuri mara mbili, nilimwomba Mzee arudie kwa sababu wa kwanza ulififia. Mpelekee kaka mkubwa wa mume mkononi, usiipitishe kwa mwalimu.

Nilimwambia Mzee Nukta kwamba nilizitunga zile mbili mwenyewe, mezani, mchana wa mvua. Hakunifokea. Alivua miwani akaifuta, akaniuliza, "Na hizo nyingine?" Nikasema nyingine ni za kweli, wateja wa dada yangu. Akasema aliyetunga moja hawezi kuapia nyingine, na akasema kweli. Wamevitoa vijitabu vyote vilivyobaki ghalani ili vichanwe. Sentensi zako zote zimetupwa, ya muuguzi, ya bibi harusi, ya jirani yako wa saluni. Neno amepewa yule wa meza ya pili aanze upya. Mimi nimefungasha vitu vyangu kwenye boksi la karatasi.

Ukiishia hapo utaniona mwema. Kwa hiyo endelea kusoma.

Barua yako ya Machi haikuchelewa. Ilinifikia siku tatu kabla kijitabu hakijaenda kwa mpiga chapa. Niliisomea pale pale mezani, nikaielewa vizuri, hata nikasimama niende kwa Mzee. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa na wageni, anawasomea maneno ya Mama Mapacha. Aliponiona akasema, "Mwenyewe huyu hapa," na wageni wakageuka wakaniangalia. Dada, hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivyo. Mimi ni mtu wa vikaratasi. Nikasema kimoyomoyo, nitamwambia wakiondoka. Wakaondoka, nikasema nitamwambia baada ya chai. Baada ya chai nikasema kesho. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti na nilikuwa naigusa kila mara kama mtu anayehakikisha ufunguo upo.

Sikusahau. Nilipenda kusifiwa, nikaacha watoto wa mtu wapotee kwa ajili hiyo. Halafu nikakuandikia kuhusu posta, tena nikakwambia usijilaumu, na wewe ukawa unajilaumu mchana na usiku wakati mimi nafahamu.

Sikuombi unisamehe. Kama kuna siku utaniandikia tena, nitashukuru.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa sitaki.

Barua ya ofisi ilifanya kazi. Kaka mkubwa aliisoma mbele ya wote, akaupitisha mhuri mkono kwa mkono. Mwalimu aliisoma mara tatu akitafuta kosa, akalipata, nukta mkato ambayo haikuwa mahali pake, akaitaja, kaka mkubwa akaikunja barua. Watoto walirudishwa wiki iliyofuata. Yule mwenye pengo sasa ana mapengo mawili, na hakuna aliyekuwepo kumshangilia jino la pili lilipong'oka. Mama yake alilisema hilo tu.

Waliondoka siku ya mitihani, mume akiwa anasimamia chumba, hawezi kutoka mpaka kengele. Mimi niliwasindikiza mpaka kituoni. Watoto niliwashonea makoti, moja likazidi mikono maana sikuwa na muda wa kulijaribisha. Wamefika, wana chumba, anapika kwenye hilo bweni.

Sasa sisi. Siku niliyoisoma barua yako nilifunga duka. Nilikaa nyuma ya pazia wanapobadilishia nguo, nikalia kwa hasira, nikataka kukuandikia kwamba sina ndugu. Halafu nikakumbuka nani aliyeanza. Mimi nilipeleka umbea, wewe ukauuza. Nikikukana wewe nitakuwa nimejipunguzia mzigo, na sitaki kupunguziwa.

Tangu yatokee haya, mteja akiinua mikono na kuanza, "Fundi, wewe ngoja nikwambie," namwambia samahani, nahesabu inchi. Wananiona nimeanza maringo. Duka limekuwa kimya, mkasi tu ndio unaosikika.

Kitu kimoja kimenishinda. Sijamwambia Mama Mapacha. Bado anaamini kilichochelewa ni posta, kama nilivyomwambia mwanzoni nikiamini hivyo. Na kwamba umefukuzwa kazi kwa ajili yake, hilo nalo analijua. Kila akikutaja anakuombea heri, na mimi naitikia. Ameniomba anwani yako nikampa. Kitakachofuata ni juu yako, mimi sitakusemea wala sitakuficha.

Dada yako
(bado)


15 Juni

Kaka wa Fundi,

Salamu sana. Hatujawahi kuonana, lakini dada yako ana picha yako juu ya kabati la vitambaa, umevaa tai imepinda, kwa hiyo kwangu wewe si mgeni.

Nimekaa jikoni hapa bwenini, sufuria kubwa zimeshaoshwa, wanangu wamelala juu ya magunia ya unga kwa sababu wamekataa kwenda chumbani bila mimi. Bado hawaniamini kwamba nikitoka nitarudi. Taratibu wataamini. Mmoja wao anaamka anapapasa, akinigusa analala tena.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Miaka yote nimeandika na mtu amesimama nyuma ya bega langu, sasa hakuna mtu na mkono bado unaogopa. Ukiona kosa, liache lilivyo.

Nilichotaka kusema ni kidogo. Dada yako aliniambia alikuandikia unitoe kwenye kitabu, na barua ikachelewa njiani. Nilimwambia asijitese, posta haina adabu kwa mtu yeyote. Lakini wewe hukuwa na deni lolote kwangu. Ungeweza kusema si kazi yangu, mimi niliokota tu. Badala yake ulijiita mwongo mbele ya mkuu wako ili wanangu warudi. Nimekukosesha kazi. Nilikuwa na mdomo usiofungwa, na wewe umelipa. Nisamehe, kaka yangu.

Wanangu wanakuita Mjomba wa Barua. Niliwaeleza kwamba kuna mjomba aliandika barua wakarudi nyumbani. Wanaulizana una ndevu au huna.

Ukipata kazi nyingine ya maneno niandikie. Nitakupa mengine, na safari hii chapa na jina langu.

Mimi,
Mama Mapacha


24 Juni

Mama Mapacha,

Usiniombe msamaha. Nimesoma mstari ule nikalazimika kutoka nje.

Barua ya dada yangu haikuchelewa. Niliipata wakati bado kuna nafasi, nikaisoma yote, nikajua wewe ni nani, mumeo ni nani, na nini kitatokea. Nikaiweka mfukoni, kwa sababu mkuu wangu alikuwa anayasifu maneno yako na mimi nilikuwa nimesimama mahali ambapo sifa zinaangukia. Halafu nikamwandikia dada yangu uongo kuhusu posta, na yeye akakuletea uongo huo akidhani ni kweli. Amejua juzijuzi tu. Usimhesabie kosa.

Kazi sikuipoteza kwa ajili yako. Niliipoteza siku ile, ila nilichelewa kuondoka. Siku zote ambazo wanao walilala kwa bibi yao wakikuita, na jino lililong'oka wewe hupo, hayo ni yangu. Sina cha kukupa kinachofanana nayo.

Sitakuomba maneno tena, yako wala ya mtu mwingine. Na usijisikie unapaswa kunijibu.

Watoto wakiuliza, waambie ndevu sina. Waambie pia kwamba huyo mjomba alikuwa na barua mbili. Moja aliiandika, wakarudi nyumbani. Nyingine aliletewa kabla hawajapelekwa popote, akaisoma, akanyamaza.

Kaka wa Fundi